Tope la Mama

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, na paa limeacha kuvuja. Tangu kinamasi chetu kifukiwe kupisha barabara uliyoichora, Mama hajataja jina lako. Ila kampuni yenu ilipochimba kinamasi kipya cha kufidia kile, nyuma ya kiwanda, alipeleka tope la zamani lililobaki kando ya barabara, kila asubuhi, beseni kichwani. Unamjua, akishika lake ameshika.

Msimamizi wenu akacheka: “Mama, tope tunalo!”

“Lenu halina mbegu.”

Miezi mitatu, upande wenu maji matupu. Wake mafunjo yamefika kiunoni. Sasa msimamizi mwenyewe humbebea beseni!

Jana vyura walilia huko kwa mara ya kwanza. Mama akasikiliza weee, kisha akaniambia, “Mwandikie mhandisi wangu aje asikie.”

Mdogo wako, nimeshatandika kitanda chako.