Kufuli Kwenye Diski ya Rosalia

Jumatatu, 3 Machi

Diski kumi na mbili za harusi nimechoma kabla ya saa nne. Futa kwa kitambaa, andika jina, tia kwenye bahasha. Mgongo unauma. Kompyuta hii ya mtumba ina kelele lakini inafanya kazi. Ile ya zamani iliungua Januari stima iliporudi kwa nguvu. Ikaondoka na kila kitu, hata programu niliyoizoea. Nimepata nyingine mtandaoni, imeandikwa BURE kwa herufi kubwa. Bado haijanisumbua.

Watu huniuliza ni nani bado ananunua diski. Waje wakae hapa dukani kwangu, soko la Kibuye, siku moja. Huko nyumbani deki bado iko chini ya televisheni, na nyanya wa watu hana haja ya bando.

Mchana alikuja Mzee Ogada kutoka Kombewa. Mkewe, marehemu Rosalia, alikuwa mwalimu wa kwaya yao. Alinitolea diski aliyoifunga ndani ya leso ya mkewe. Ni kazi yangu, niliipiga siku ya shukrani ya kwaya, miaka mitatu sasa. Rapar yake, siku ya kumkumbuka, ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mzee anataka watu wamwone na wamsikie. Sauti ya Rosalia haiko mahali pengine popote. Diski ina mikwaruzo, inakwama. Nikamwambia aende nyumbani kwa amani, hiyo ni kazi ndogo, nitamtolea kwenye video yangu ya kwanza, ile iliyotoka kwenye kamera. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumanne, 4 Machi

Video ya kwanza sina.

Nimetafuta tangu asubuhi. Kwenye flashi, kwenye kadi za kamera, kwenye boksi la chini ya meza. Nilijua sitapata. Desturi yangu ni hiyo: diski zikishachukuliwa na miezi mitatu ikapita bila malalamiko, nafuta kadi, naitumia kwa harusi nyingine. Kila mpiga video hapa anafanya hivyo. Kadi ni ghali.

Nimempigia Mzee nikauliza nani mwingine ana diski ile. Nilichoma kumi tu. Mzee anasema alishazizungukia nyumba nyingine zote, diski zao nyingine zimevunjika, nyingine zimepotea. Iliyobaki ni hii. Sikumwambia kwa nini nauliza. Nimejionea haya.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimejaribu kuinakili kwa ile programu ya BURE. Ikaniambia diski hii ina kufuli. Diski zenye kufuli hunakiliwa na wale waliolipia. Mimi wa bure nitaonjeshwa dakika tatu.

Nikaonja. Rosalia akatokea amevaa joho la kwaya, na juu ya uso wake, kutoka sikio hadi sikio, jina la programu limeandikwa kwa rangi nyekundu. Marehemu wa watu. Nilizima kompyuta nikatoka nje nikasimama juani.

Kama ni ya kuuza, semeni ni ya kuuza. Sina ugomvi na mtu anayeuza. Mimi pia nauza.

Alhamisi, 6 Machi

Programu ya pili. Hii haikuniomba chochote, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Ilikuja na wenzake watatu. Sasa kila nikifungua mtandao natangaziwa dawa ya kupunguza tumbo. Wanjiru wa duka la pili, anayeuza kava za simu, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama Quinter, umekaribisha mgeni na hujauliza amekuja na nani." Alinisaidia kuwafukuza. Ilichukua saa mbili.

Programu ya tatu. Hii ni bure kwa matumizi ya nyumbani peke yake. Ya biashara ulipie. Nilikaa nikiitazama. Rapar ni jambo la nyumbani. Lakini mimi niko dukani. Lakini Mzee si mteja leo, ni mtu niliyemkosea. Nikabonyeza kuwa niko nyumbani. Nimedanganya, na ni Kwaresima.

Na haikusaidia. Ikaandika: diski hii imefungwa, omba ruhusa kwa mwenyewe.

Mwenyewe ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafanya kazi ya maana. Nimemfokea mteja wa picha ya pasipoti bila sababu.

Kufuli nililiweka kwa mkono wangu. Ile programu iliyoungua na kompyuta ilikuwa na kisanduku cha kutia tiki ili diski isinakiliwe, na tangu nilipokiona sikuwahi kuchoma diski kwayo bila kukitia tiki. Ukutani nimebandika karatasi: HAIRUHUSIWI KUNAKILI. Nilikuwa na sababu. Kuna jamaa aliuza diski zangu soko la Pap Onditi akiwa amekwangua jina langu. Nilizikuta mwenyewe zimepangwa chini kwenye gunia. Nililia siku hiyo. Watu wakitaka nakala waje kwangu, ndivyo nilivyosema. Na kwa muda walikuja.

Bado naona sikukosea kukasirika. Lakini yule mwizi wa Pap Onditi hajui hata jina la Rosalia. Niliyemfungia ni mumewe.

Jumapili, 9 Machi

Atieno, mtoto wa dada yangu, amekuja kutoka Bondo anakosoma chuo. Baada ya kanisa tulikula omena, nikamweleza yote. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akauliza kama nilisoma masharti ya zile programu kabla ya kubonyeza. Nani husoma masharti?

Akasema kutolipa si kitu. Hata mtego hauna kiingilio. Mambo ya kuuliza ni manne. Naweza kuitumia kwa kazi yoyote, nyumbani au dukani? Naweza kufungua nione ilivyotengenezwa? Naweza kuibadilisha? Naweza kumpa mwingine, kama ilivyo au nikishaibadilisha? Ikikubali yote manne, hiyo ni programu huru. Hata ukiuziwa, bado ni huru. Ikikataa moja, ni ya mtu, na siku akitaka atakufungia mlango.

Nikamuuliza mjinga gani hutoa kazi yake hivyo. Akasema, "Mama mdogo, wako wengi. Wengine wanalipwa, wengine hapana. Mtu akishaitoa hivyo hawezi kukunyang'anya." Halafu akaomba chumvi.

Nimekasirika kidogo. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumatatu, 10 Machi

Atieno aliniwekea mbili kabla ya kupanda gari la Bondo. Moja ya kusoma diski mbovu, nyingine ya kuchoma. Za huru. Nilisoma masharti mwenyewe, kwa kamusi, mstari kwa mstari. Yote manne yamo. Hakuna mahali pa kudanganya, hawaulizi uko wapi.

Ile ya kusoma haina sura. Herufi nyeupe kwenye weusi, na nambari zinazosonga. Hutambaa, ikikuta mkwaruzo inaruka, inachukua kwingine, halafu inarudi kujaribu tena. Saa nane stima ikapotea. Nilishika kichwa. Iliporudi, programu ikaendelea pale pale ilipoachia. Ilikuwa imeandika mahali ilipofika.

Mzee alipiga simu kuuliza hali. Nikasema naendelea. Safari hii ilikuwa kweli. Zimebaki siku tano.

Jumatano, 12 Machi

Imetoka.

Kufuli halikuisumbua hata kidogo; kumbe ni alama tu, programu nyingine zinaitii na hii haiitazami. Kitu nilichokiamini miaka yote hiyo. Sekunde sita hazikurudi, katikati ya wimbo wa pili. Mkwaruzo umezila. Kama nisingefunga diski ile, kila nyumba Kombewa ingekuwa na nakala na sekunde hizo zingekuwepo mahali. Hilo ni langu, nitakaa nalo.

Nilitazama yote mchana, nimefunga mlango. Kuna pale Rosalia anaongea na kwaya. Anasema msiwe wachoyo wa wimbo, kwaya ya jirani ikija kuomba wafundisheni sauti zote nne, msiwafiche ya besi. Watu wanacheka. Nasikika na mimi nikicheka, nyuma ya kamera. Niliyarekodi maneno hayo kwa mkono wangu, nikaenda nyumbani nikayatia kufuli.

Nimechoma diski thelathini. Kwenye kila moja nimeandika jina lake, na chini yake: nakili, gawa. Mkono ulisita kwenye ya kwanza tu.

Jumamosi, 15 Machi

Kombewa. Misa, chakula, halafu televisheni chini ya hema, jenereta ikinguruma nyuma ya jiko. Kabla hawajawasha nilimvuta Mzee kando nikamwambia yote. Kufuli, kadi niliyoifuta, sekunde sita. Alisikiliza akiangalia viatu. Akasema, "Lakini umekuja naye."

Video ikaanza. Ilipigwa asubuhi, kwa hiyo Rosalia anaanza kwa salamu ya asubuhi. Anatazama mbele kabisa, anasema, "Oyawore."

Na Mzee, kwenye kiti chake, akamwitikia. "Oyawore ahinya." Kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesalimiwa na mkewe akitoka kukamua ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Mimi nililia na sikujificha.

Baadaye mwanakwaya mmoja alifungua kompyuta yake mezani, watu wakapanga foleni na flashi zao. Niliketi hatua tatu kutoka pale. Vidole viliwasha. Nilikunywa soda yangu nikawaacha wanakili.

Jumatatu, 17 Machi

Kazi kidogo. Mvua ilianza saa tatu, soko limepoa.

Wanjiru ameomba zile programu mbili ampelekee binamu yake anayepiga video Ahero. Ni mshindani wangu. Nimemtilia kwenye flashi, na masharti nimemwekea humo humo.

Nimeandika orodha ya kwaya nilizozifungia. Ni kumi na nane. Nimepigia tatu. Niliwaambia walete diski zao kabla hazijakwaruzika. Mmoja aliuliza kwani zina shida gani, nikamwambia shida niliiweka mimi.

Ile karatasi ya ukutani nimeibandua. Ilishika sana, nimetumia kisu. Imebaki alama ya gundi. Nitaweka kalenda hapo.