Washa Nyuma ya Springi

Upo? Nimeharibu, ndugu yangu. Nimeharibu kabisa.

Mkwe wangu kaanguka na pikipiki jana. Mguu umevunjika. Sili ya injini, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, iling'oka, oili ikamwagikia tairi la nyuma.

Leo fundi kaweka sili mpya, kapima presha ya oili. Mshale ukapita namba ya mwisho! Akafungua valvu ya kupunguza presha, akachomoa washa, kipete cha chuma, nyuma ya springi. "Nani kaweka hii?"

Mimi! Niliiweka Jumapili, eti oili isukumwe kwa nguvu; kumbe presha ikazidi, ikang'oa sili.

Binti yangu, tuliyekuwa naye hapo kwa fundi, akasema, "Muulize baba, yeye ndiye mjuzi."

Nani kaweka hii? Nikajibu, "Imetoka nayo kiwandani." Wakaniamini, wewe! Wakaniamini.

Sasa hivi mkwe kanipigia toka wodini: "Baba, pikipiki yangu asiiguse mwingine ila wewe."