Garth na Mpira wa Ushindi

Renae, hutaamini!

Mume wangu Garth kaurusha mpira nyuma kati ya miguu yake, kazi yake ya miaka yote hii kwenye futiboli ya Kimarekani, ukapita juu ya kichwa cha mpigaji teke aliyeusubiri nyuma. JUU YA KICHWA! Uwanja mzima ukamzomea, nami nimekaa katikati yao.

Mwishoni tukapata teke la ushindi, na ni yeye tena wa kumrushia mpigaji. Kocha, anavyosimulia mwenyewe, akamuuliza, "Garth, utaweza?"

"Nipe mpira."

Nikafumba macho, shoga. Nikasikia tu watu wanalipuka kwa shangwe. Tumeshinda!

Sasa tuko garini, hataki kuondoka. Namwambia, "Si mmeshinda, jamani?"

Kaninyooshea mikono. "Vidole sivisikii tangu Agosti, Lorna. Ule wa mwisho nimebahatisha tu. Kesho namuaga kocha, naacha mpira."

Tangu Agosti, Renae! Na mimi nalala naye kila siku, wala sikujua.