Dagaa Chini ya Kifuu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Magomeni hatujambo, na mdogo wako ameota meno mawili.

Umeuliza mnyama gani ana akili zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi, miaka ya Ujamaa, niliwapima paka na kunguru wa soko la Kariakoo kwa kuwafichia dagaa chini ya kifuu cha nazi. Paka alikifunua siku ya kwanza. Kunguru alinitazama tu, siku tatu. Nikaandika, "Kunguru hana akili."

Bi Tatu, muuza samaki, akacheka. "Mwanangu, ukishaondoka tu, anakuja kula!"

Nikajificha nyuma ya meza yake. Kweli, kunguru akatua, akafunua, akala.

Niliichana ripoti. Mwalimu alipouliza kwa nini nimechelewa, nikamjibu, "Kunguru alikuwa bado ananichunguza."

Akupendaye,
Bibi