Mbao za upande wa bondeni

Alhamisi. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri. Kutoka mlangoni sioni hata zizi la jirani, na huku Mbulumbulu tumezoea, lakini leo umenikera kama mtu aliyekuja kukaa bila kualikwa.

Nina malengelenge mawili kwenye kiganja na ninaandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Nataka niandike leo, kabla sijaanza kujionea huruma na kubadilisha habari.

Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu ya mke wangu, Mama Neema. Mwaka mmoja. Watu wa kanisani watakuja, ndugu zake watapanda kutoka Mbulu, na kaka yangu Bura amekwisha azima viti na maturubai. Mimi nilijipa kazi moja tu: kupigilia mbao ukuta wa nje, upande wa bondeni, ambako upepo hupanda kutoka Bonde la Ufa na kuleta mvua ya kulalia ubavu. Nyumba yetu ni ya miti na udongo. Kila masika ukuta huo hunywa maji mpaka unabadilika rangi kwa ndani. Chumba cha upande huo ndicho tulicholala mimi na mama yake. Sasa analala Neema, ana miaka kumi na mmoja, na tangu mwezi uliopita amekuwa akikohoa.

Masika yanaanza wakati wowote.

Wiki tatu zilizopita nilitoka kupima. Tepu yangu ya chuma niliiazimisha zamani sana, hata simkumbuki niliyempa. Nikafungua droo ya cherehani nikachukua tepu ya kushonea ya Mama Neema, ile ya njano, namba zake zimefifia pale alipokuwa akiibana kwa kidole gumba. Sikuwa nimeigusa mwaka mzima. Nilijisikia vizuri kuishika, nakiri. Nilihisi kama tunafanya kazi pamoja.

Nikapima kama yeye alivyokuwa akimpima mteja, polepole, kila namba nikiiandika. Upana wa ukuta, futi kumi na tisa na inchi nne. Kimo, futi nane na inchi tisa. Mbao zetu ni za inchi nane, lakini ubao wa juu lazima uupande wa chini kwa inchi moja ili maji yateleze, kwa hiyo kila ubao unafunika inchi saba tu. Hilo nililijua kwa sababu yake. Alikuwa akiniambia, pini zikiwa mdomoni, kwamba fundi anayesahau upana wa mshono ataishia kumshonea mtoto nguo ya mtu mzima. Kimo nikakigawa kwa saba, nikapata safu kumi na tano. Kila safu mbao mbili. Thelathini.

Halafu ile pembetatu ya juu, chini ya paa, ambayo watu wengi huisahau. Safu tisa zinazopungua kadiri zinavyopanda, nikazihesabu kwa nusu, mbao tisa. Dirisha sikulitoa kwenye hesabu, maana ni dogo na mbao hupasuka. Nikaongeza tatu za tahadhari. Jumla arobaini na mbili.

Nikarudia hesabu mara tatu. Nikampelekea mpasua mbao urefu kamili wa kila ubao, futi tisa na inchi nane, nusu ya ukuta barabara, ili nisipoteze hata kipande. Tulikuwa na mti mmoja tu wa mgrevilea uliobaki mpakani mwa shamba. Akauangusha, akapasua, akakata kila ubao kwa tepu yake ya chuma. Kazi safi, sina la kumlaumu.

Jana fundi Safari akaja. Tukashikiza ubao wa kwanza kuanzia kona moja, na wa pili kuanzia kona ya pili. Hazikukutana.

Katikati palibaki pengo la inchi nane. Tukajaribu safu ya juu yake, pengo lilelile. Safari akatoa tepu yake akapima ukuta. Futi ishirini.

"Mzee, ulipima na nini?"

Nikamwonyesha. Akaichukua ile tepu ya njano, akailaza juu ya ya chuma, akaivuta kidogo inyooke. Pale tepu ya mke wangu ilipoandika sitini, ya chuma iliandika sitini na mbili.

"Imetanuka hii," akasema. "Umeipima nyumba kama unaishonea sketi." Akacheka, kisha akakumbuka tepu ni ya nani, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nilijiuliza imekuwaje nguo zake zote ziliwakaa watu vizuri, sare za nusu ya watoto wa shule ya hapa, na tepu inadanganya inchi mbili. Jibu ni jepesi hata naona aibu. Alipima mtu kwa tepu hiyo na akapima kitambaa kwa tepu hiyohiyo. Kosa lilikuwa pande zote mbili, likajifuta. Mimi nilipima kwa tepu yake, mpasua mbao akakata kwa ya kwake.

Safari akaniambia ukweli. Tukijaza vipande vya inchi nane, viungo vyote vitakaa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na maji yatapita hapo kama mlangoni. Dawa ni viungo vipishane, safu hii kushoto, safu ile kulia. Kwa hilo zinahitajika mbao ndefu kumi na sita, za futi kumi na nne, moja kwa kila safu, maana kwa tepu ya chuma safu zenyewe ni kumi na sita. Mti mwingine hatuna.

Hapo akafika kaka Bura kuhesabu mahali pa kuweka maturubai. Akazunguka, akatazama pengo, akapiga mluzi.

"Sasa hili ndilo la kukununisha? Ziba kwa bati mambo yaishe. Nani atakwenda kutazama nyuma?"

Hakuwa na ubaya. Ndivyo anavyosema mambo, na Safari naye akaguna kukubali. Lakini maneno hayo ni yangu mimi.

Sijawahi kuliandika hili popote.

Miaka mitatu iliyopita tulipasua mbao nyingine, nzuri kuliko hizi, ndefu za futi kumi na nne. Mama Neema aliniomba nizipigilie upande wa bondeni. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Aliniambia tu kwamba asubuhi blanketi lake huwa na unyevu pale linapogusa ukuta. Mimi nikazipigilia mbele, upande wa barabara. Jirani alikuwa amemaliza nyumba ya tofali na nilitaka watu wanaokwenda gulioni waone kwamba na sisi tupo. Akaniomba mara ya pili, nikamjibu: nani atakwenda kutazama nyuma?

Akasogeza kitanda kikae mbali na ukuta kwa kiganja kimoja. Kila jioni alikuwa akikivuta, na kila asubuhi mimi nilikisukuma tena ukutani ili nipate pa kupita. Tulifanya hivyo misimu miwili bila kuzungumza.

Alikufa kwa mapafu. Daktari hakutaja ukuta. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuutaja ukuta. Ni mimi tu ninayeutaja, kimoyomoyo, kila ninapomsikia Neema akikohoa.

Leo asubuhi nilichukua mtaimbo nikaanza kung'oa mbao za mbele.

Nilianza kabla Safari hajafika ili asije akanishauri vinginevyo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikalia kila nilipoing'oa, na kaka Bura akaja anakimbia akiwa na kandambili za mkewe.

"Mdogo wangu, una akili wewe? Wageni keshokutwa, unaivua nyumba nguo?"

"Zinatakiwa nyuma, kaka."

"Shemeji zako watasema nini? Watasema dada yao aliishi kwenye kichuguu!"

"Watakuwa wamesema kweli."

Akanitazama sana. Nadhani alidhani nimelewa, na mimi tangu nibatizwe sijagusa pombe. Akarudi nyumbani kwake akinung'unika kwa Kiiraqw, maneno ya mama yetu, yale ya kuwasema mbuzi wanaoruka ua. Baada ya saa moja akarudi amevaa buti, ameshika nyundo. Alipigilia safu tano, vibaya, na Safari akazirudia mbili kaka alipogeuka.

Tumemaliza kabla jua halijazama, kama lilikuwepo. Kumi na sita zimetosha. Ukuta wa bondeni una mbao za rangi mbili, za zamani za kijivu na mpya zenye wekundu, viungo vimepishana kama alivyotaka Safari. Sio mzuri. Ni mkavu. Neema aliingia chumbani, akasimama katikati, akasema, "Baba, upepo umehama." Kisha akasukuma kitanda chake mpaka ukutani, na nikalazimika kutoka nje.

Mbele pamekuwa pabaya kweli. Udongo umebaki na mistari mahali mbao zilipokuwa, matundu ya misumari, na kiota cha nyigu waliohama. Viti vyote vitapangwa kutazama huko, kwa sababu hakuna uwanja mwingine.

Kaka Bura, kabla ya kuondoka, aliniomba jambo moja. Nitakapopewa nafasi ya kushukuru wageni, niseme nyumba iko kwenye matengenezo. Nilimwambia nitafikiri, na nimefikiri jioni yote.

Sitasema hivyo. Nitawaambia ndugu zake kwamba dada yao aliomba mbao upande wa bondeni, mara mbili, nami nikazipigilia hapa mbele ili watu wazione. Basi. Kama sauti itanikatika, nitangoja irudi, kisha nimalizie sentensi.