Jibu Nililolijua

Mama Aikande,

Nina hasira na wewe. Naanza hivyo kwa sababu nachoka upesi, sijui nitafika mstari gani kabla mkono haujakataa. Daktari wa Moshi ameniambia moyo umevimba. Sikumwuliza nimebakiza muda gani.

Aikande amekata mibuni yote ya kihambani kwako, shamba lile la nyumbani, amepanda parachichi. Ng'ombe amezaa jike. Kaburi lako limewekwa vigae vyeupe na limeandikwa "Mwalimu wa Kilimo". Hayo maneno niliwapa mimi wanao waliponiuliza.

Wewe ulikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ulikijua kuliko mimi, kuliko sote pale Machame.

Unaikumbuka siku ya mkaguzi. Ulikuwa unafundisha vihusishi vya Kiingereza darasa la saba, mimi nimekaa nyuma. Uliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba Anna ameolewa na mkulima, ukaacha pengo mahali pa "na", mtoto akaja akajaza "to". Ukamsifu. Mkaguzi akasimama, akasema hapana, ni "with", kwani mtu huolewa na mtu. Ukamweleza kwa upole kwamba hiyo "na" ni yetu sisi, Waingereza hawasemi hivyo. Watoto wakacheka. Akakasirika, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nilijua ni "to". Nikasema, "Ni 'with', mzee."

Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ilikuwa wazi, nami niliitaka. Nikaipata. Wewe ukaondolewa kwenye Kiingereza, ukapewa jembe na bustani ya shule mpaka ulipostaafu.

Na siku ile ile, tukirudi nyumbani, uliniambia nini? "Mwalimu, tupite kwangu, kuna kiburu cha moto." Nikaenda. Nikala ndizi zako na maharage yako, nikaongezwa. Miaka yote baada ya hapo uliniletea maziwa nilipougua, ukamsimamia mwanangu kipaimara, na hukuuliza hata mara moja. Kwa nini hukunitukana? Ungenitukana mbele ya walimu, ningelia, ningesema. Ulininyima hata hilo. Usiniambie ni upole. Ulijua, ukaniacha nizeeke nalo.

Hapana. Nakulaumu wewe kwa sababu huwezi kujibu. Mwoga ni mimi. Hata kwenye mazishi yako nilisimama na karatasi ya wasifu, nikasoma kwamba ulipenda kilimo kuliko kazi zote. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Ulikichukia! Uliwahi kuniambia kucha zako zimekuwa za mchimba makaburi.

Nimemwomba Aikande aje Jumapili baada ya ibada, pamoja na kaka zake. Nitawaeleza nilichosema darasani na nilichokipata. Nitawaomba waondoe yale maneno ya kaburini, waandike kazi yako. Wakitaka kunifukuza miongoni mwa marafiki wa ukoo wenu, wana haki. Sitawaomba wanionee huruma kwa ajili ya huu moyo.

Lala salama, mwenzangu. Nikishindwa kusimama, nitasema nimekaa.

Mwalimu mwenzako