Kikapu Changu Kimekataliwa Othaya

Dada Mwanasiti,

Nakusalimu kutoka milimani, nikiwa na leso tatu juu ya sweta na bado natetemeka. Ila nimenenepa kwa mukimo na maziwa ya moto.

Jana Mama Wanjiru, mwenyeji wa kikundi chetu cha wavuvi kwenye ziara hii, alinipa kikapu nimsaidie kuchuma majani chai. Nami, mzoefu wa pweza, nikafuata kanuni yetu ya mwambani: wadogo waache, chukua wakubwa. Nikajaza majani mapana, magumu kama ngozi. Alipochungulia alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa hii nitapeleka wapi? Hapa tunachuma majani mbili na kale katoto ka katikati. Hizo kubwa tunaacha, ndio zinalisha mti."

Neno hilo halijanitoka. Sisi huwaacha wadogo tukajisifu, kisha tunamchokoa mama mtu pangoni, naye amekumbatia mayai yake. Wewe ulilisema hili kikaoni, nikakupinga mbele ya watu, tena kwa sauti.

Mwamba tulioufunga ili pweza wakue utafunguliwa Ijumaa nami sitakuwepo. Yule pweza mkubwa aliyetaga kwenye pango langu, unalijua, pale penye jiwe jekundu, asiguswe mpaka mayai yaanguliwe. Wakikuuliza nani kakataza, nitaje mimi, na utaje kwa sauti.

Wabusu watoto, na mama mwambie nakula. Chai nakuletea. Samahani nitakuomba tukiinywa.

Mdogo wako,
Mwanaisha